Nyumbani kwa Spassky: Mchezo wa Sita wa Reykjavik na Ufunguzi Wake



Jioni ya leo nimeomba nitundikiwe ubao mkubwa ukutani, na juu yake nitacheza mchezo mmoja tu. Ulichezwa Jumapili, tarehe 23 Julai 1972, katika ukumbi wa michezo wa Laugardalshöll mjini Reykjavik, Iceland. Kete nyeupe alizishika Robert James Fischer wa Marekani, nyeusi alizishika Boris Spassky wa Umoja wa Kisovyeti, bingwa wa dunia wa wakati ule. Ulikwisha kwa hatua 41. Nimeuchagua kwa sababu ufunguzi wake na mwisho wake ni kitu kimoja. Pigo la hatua ya 38 lilianza kuandaliwa kwenye hatua ya 8, na mtu akiufuata taratibu ataweza kuushika uzi wote toka mwanzo hadi mwisho, hata kama si mchezaji hodari.

Hoja yangu ni moja, na ninaitanguliza ili mnipime nayo. Ufunguzi ni mapatano. Kila upande unakubali kubeba mzigo fulani ili upate faida fulani. Mchezaji aliyekariri hatua 15 bila kujua ni mzigo gani ameupokea, siku kumbukumbu itakapokatika atabaki hana pa kushika. Ninawaona vijana wenye akili nyepesi na moyo wa kujituma wakipewa mistari ya hatua waimeze, kama dawa isiyotajwa ni ya ugonjwa gani. Jambo hili linaniuma, na ndilo lililonileta hapa.

Wachezaji wa bao la kiswahili mnaielewa hoja hii bila kuhitaji mwalimu wa sataranji. Katika namua kila mmoja ana kete 22 mkononi, anaziingiza moja moja, na kila anayoiingiza inaamua atakuta nini atakapofika kwenye mtaji. Anayeivunja nyumba yake mapema kwa tamaa ya kula kidogo anajua, au atajua, kwamba ameuza kitu. Katika sataranji mambo ni hayohayo. Tofauti ni kwamba bei yenyewe hudaiwa baadaye sana, mara nyingi mnunuzi akiwa ameshasahau alinunua nini.

Sasa tuwatazame watu wawili hawa. Tangu mwaka 1948 taji la dunia halikuwa limetoka Umoja wa Kisovyeti. Walipokezana Botvinnik, Smyslov, Tal na Petrosian, hadi Spassky alipolichukua mwaka 1969. Nyuma ya kila mmoja walikuwapo walimu, wasaidizi na hazina ya uchambuzi ya nchi nzima. Fischer, aliyezaliwa Chicago mwaka 1943 na kukulia Brooklyn, alifanya kazi yake karibu peke yake. Mwaka 1971 aliwafunga Mark Taimanov na Bent Larsen 6 kwa 0 kila mmoja, kisha akamshinda Petrosian, na dunia ikaamini hazuiliki. Lakini kwa Spassky mambo yalikuwa tofauti. Walikuwa wamekutana ubaoni mara 5 kabla ya Reykjavik. Spassky alishinda 3, na 2 zikawa sare. Fischer hakuwa amemfunga hata mara moja.

Na mashindano yenyewe yalimwanzia vibaya. Tarehe 11 Julai, katika mchezo wa kwanza, hali ikiwa inaelekea kabisa kwenye sare, alimtuma askofu wake akale kitunda cha h2. Askofu akafungiwa humo, na mchezo ukapotea. Mchezo wa pili hakutokea, kwa ugomvi wa kamera zilizokuwa ukumbini, na alihesabiwa ameshindwa. Spassky, ambaye angeweza kabisa kukataa, alikubali mchezo wa tatu uchezwe katika chumba kidogo mbali na watazamaji. Ninautaja uungwana huo kwa makusudi, kwa sababu bila huo pengine leo tusingekuwa na mchezo wa kuuzungumzia. Katika chumba hicho Fischer alimshinda kwa mara ya kwanza maishani mwake. Wa nne ulikuwa sare. Wa tano Spassky alikosea vibaya kwenye hatua ya 27, akaadhibiwa kwa kosa hilo kwa hatua moja tu na akakubali kushindwa papo hapo. Hivyo walipoketi Jumapili ile walikuwa sawasawa: pointi 2 na nusu kwa 2 na nusu.

Sasa mtazame ubaoni. Safu 8 zina herufi a hadi h, kuanzia kushoto kwa Nyeupe, na mistari ina namba 1 hadi 8. Kwa miaka mingi Fischer alianza karibu kila mchezo wake mweupe kwa kukisogeza kitunda cha mbele ya mfalme hadi e4. Aliandika waziwazi kwamba anaiamini hatua hiyo kuliko nyingine zote. Alikuwa amejaribu kuanza na c4 mara chache, kama alivyofanya Palma de Mallorca mwaka 1970, lakini hakuna aliyeipanga kambi yake kwa kuogopa jambo hilo. Siku ile akashika kitunda cha c, akakiweka c4.

Hapo bado haijulikani ni ufunguzi gani. Spassky akajibu e6. Fischer akatoa farasi f3, Spassky akaweka kitunda d5, na kwenye hatua ya tatu Fischer akaweka d4. Kufumba na kufumbua, kwa njia ya mzunguko, wakawa wamefika kwenye Gambiti ya Malkia Iliyokataliwa: Nyeupe inatoa kitunda cha c kiliwe, Nyeusi inakataa kukila na badala yake inakiimarisha kitunda chake cha d5 kwa kukiegemeza kwenye e6.

Ufunguzi huu ni wa kale. Gambiti ya Malkia imo katika maandishi ya sataranji ya mwishoni mwa karne ya 15. Mwaka 1927, Alekhine alipomnyang'anya Capablanca taji huko Buenos Aires, walicheza michezo 34, na katika 32 ulitumika ufunguzi huuhuu wa kukataa. Mzigo wa Nyeusi ndani yake unajulikana na kila anayeucheza. Kitunda kikikaa e6, askofu wa c8 anajikuta ndani ya chumba kisicho na mlango. Karne nzima ya uchambuzi wa ufunguzi huu, kwa sehemu kubwa, ni juhudi za kumtafutia askofu huyo mmoja pa kutokea.

Mmoja wa waliopata jibu zuri ni Savielly Tartakower, mzaliwa wa Rostov-on-Don mwaka 1887, msomi wa sheria kutoka Vienna aliyekuja kuiwakilisha Poland na baadaye Ufaransa. Mwaka 1922, London, alitumia dhidi ya Capablanca mpango wa kusogeza kitunda hadi b6 ili askofu wa c8 akae b7 na kutazama ulalo mrefu unaokatiza ubao hadi pembe ya pili. Mpango huo ukapendwa sana na Warusi, ukaendelezwa na Vladimir Makogonov na Igor Bondarevsky, na mpaka leo wengi huuita kwa majina ya watu hao watatu pamoja. Bondarevsky huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wa Spassky katika miaka ya 1960 hadi akalipata taji. Kwa hiyo mpango wa Tartakower, mikononi mwa Spassky, haukuwa kitu cha kusoma kitabuni. Aliupokea kwa mwalimu wake kwa mkono, na aliucheza kwa imani.

Fischer aliyajua hayo yote. Na bado alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mlango huo na kubisha hodi. Wanaosema aliicheza c4 ili kumshtua Spassky wanasema nusu ya jambo. Mshtuko unaisha baada ya hatua tatu au nne, wakati mwingine mapema zaidi, maana Spassky alipoiona Gambiti ya Malkia alikuwa amefika mahali anapopajua kuliko mwenzake. Nusu ya pili ndiyo yenye uzito: Fischer aliutazama ufunguzi anaoupenda mpinzani, akajiuliza mzigo wake uko wapi, akaamua kumfanya aubebe mpaka mwisho.

Tuendelee. Farasi f6, farasi c3, askofu e7, askofu g5. Mfalme mweusi anaingia hifadhini upande wa kulia. Kitunda e3, kitunda h6, askofu anarudi h4. Hatua ya 7, Spassky anaweka b6. Ndiyo huo mpango wa Tartakower.

Na hapa kwenye hatua ya 8 linatokea jambo ambalo wanafunzi hulipita haraka kwa sababu linaonekana dogo. Fischer anakula d5. Spassky anakula kwa farasi. Wanabadilishana maaskofu kwenye e7, kisha farasi kwenye d5, na Nyeusi inalazimika kula kwa kitunda cha e. Kilichobaki ubaoni baada ya hatua ya 10 kitazameni vizuri. Kitunda cheusi kimekaa d5, katikati kabisa ya ulalo ule mrefu. Askofu aliyeandaliwa makao b7, akienda huko sasa, atakuwa akitazama mgongo wa kitunda chake mwenyewe. Kwa hatua chache za kubadilishana, ambazo kila mtu angeziona za kawaida, Fischer ameuondolea mpango wa Tartakower sababu yake ya kuwapo. Spassky akampeleka askofu e6. Ni hatua ya busara, lakini b6 ilichezwa ili askofu akae b7, na b7 hakwenda.

Kuna mzigo wa pili unaoingia kimyakimya kwa mabadilishano hayo. Nyeusi italazimika mapema au baadaye kusogeza c5 ili ipate nafasi. Ikifanya hivyo, na vitunda vikaliana, itabaki na vitunda viwili, c5 na d5, vimesimama bega kwa bega bila kitunda chochote cha kuvilinda kutoka nyuma. Ndivyo tunavyoviita vitunda vinavyoning'inia. Si ugonjwa. Vikiwa na kete nyingi nyuma yake, vitunda hivyo vinatawala katikati ya ubao na vinaweza kusonga mbele na kuvunja kila kitu. Shida huja pale kete zinapopungua. Jeshi likiwa dogo, nguvu ya vitunda inapungua, lakini kazi ya kuvilinda inabaki palepale. Na Fischer, kabla vitunda hivyo havijaanza hata kuning'inia, alikwisha kuondoa ubaoni jozi moja ya maaskofu na jozi moja ya farasi.

Hatua ya 11, ngome nyeupe inakuja c1. Hatua ya 12, malkia a4. Spassky anasogeza c5, na malkia anapiga hatua moja pembeni hadi a3. Mstari huu wa a3 hadi e7 muukumbuke: kitunda cha c5 kimesimama kati ya malkia wawili, na nyuma yake kuna malkia mweusi asiye na ruhusa ya kuachwa wazi. Kitunda hicho kimefungwa. Spassky anakilinda kwa ngome c8. Hatua ya 14, Fischer anampeleka askofu b5.

Hapa nitasimama kidogo, maana hapa ndipo somo la kukariri lilipofeli hadharani. Hatua hiyo ya askofu b5 haikuwa mpya. Mwaka 1970 Semyon Furman aliicheza dhidi ya Efim Geller. Na Geller alikuwa wapi tarehe 23 Julai 1972? Alikuwa Reykjavik, katika kambi ya Spassky, msaidizi wake. Spassky akajibu kwa kitunda a6, na tutaona kilichofuata. Mwaka uliofuata, 1973, mjini Hilversum, Uholanzi, kijana Jan Timman alimchezea Geller ufunguzi uleule hadi askofu b5. Geller hakugusa kitunda cha a. Alimsogeza malkia b7. Malkia anatoka kwenye ule mstari wa hatari, kitunda cha c5 kinafunguliwa, na askofu wa b5 anashambuliwa, vyote kwa hatua moja. Timman akala kwenye c5, kisha akakila na kitunda kilicholipiza, kwa ngome na malkia. Geller akamtoa farasi a6, akaliwa, akala kwa malkia, na malkia huyo akauziba mraba wa f1. Mfalme mweupe akazuiwa asiingie hifadhini, akabaki katikati ya ubao na kitunda kimoja cha ziada ambacho hakikumfaa kitu. Geller akashinda.

Kwa hiyo dawa ilikuwapo, na aliyekuja kuitoa hadharani alikuwa mtu wa kambi ileile. Lakini sioni kwamba somo lake ni kwamba Spassky alipaswa kukariri zaidi. Tazameni malkia b7 inafanya nini. Inajibu swali la mzigo: kipi kimefungwa, na nani anamfunga? Mchezaji anayejiuliza hivyo ubaoni ana nafasi ya kuiona hatua hiyo mwenyewe, hata kama hakuna aliyewahi kumwonyesha. Kitunda a6 inauliza swali jepesi zaidi: askofu ataondoka? Na askofu hakuondoka mara moja. Fischer alikula c5, Spassky akala kwa kitunda cha b, na askofu wa b5 bado haliwi, kwa sababu nyuma ya kitunda cha a6 kuna ngome ya a8 na mbele yake kuna malkia mweupe a3 anayeisubiri. Fischer akamwingiza mfalme wake hifadhini kwa utulivu. Ili kumtishia askofu kwa kweli, Spassky ilimbidi aihamishie ngome a7, mahali pa ovyo kwa ngome, na hapo tu ndipo askofu aliporudi e2. Vitunda vya c5 na d5 sasa vinaning'inia.

Farasi mweusi anatoka d7. Hatua ya 18, Fischer anamweka farasi wake d4, kwenye mraba unaolindwa na kitunda cha c5. Hawezi kuliwa! Kitunda kikimla farasi, malkia wa e7 anaondoka bure. Spassky anamtoa malkia kwenda f8, farasi anamla askofu wa e6, yule askofu ambaye ufunguzi mzima uliandaliwa kwa ajili yake, na kitunda cha f kinalipiza. Jozi nyingine ya kete imeondoka. Hatua ya 20: kitunda cheupe e4.

Spassky akasogeza d4.

Hapa ndipo wachambuzi wengi huweka alama ya kosa, na ninakubaliana nao. Lakini alama ya kosa haimfundishi mtu kitu, kwa hiyo niruhusuni nilete mchezo mwingine ubavuni mwa huu. Mwaka 1981, Merano, Italia, katika mchezo wa kwanza wa kugombea taji la dunia, Viktor Korchnoi alikuwa na kete nyeupe na Anatoly Karpov nyeusi. Ufunguzi ulikuwa huuhuu wa Tartakower. Karpov naye alipata vitunda vinavyoning'inia kwenye c5 na d5. Alivilinda kwa subira, hatua baada ya hatua, na kwenye hatua ya 24 akakisukuma cha d hadi d4. Korchnoi hakupona. Kitunda kilekile, mraba uleule, ufunguzi uleule. Mmoja akapoteza taji na mwingine akaanza kulitetea kwa ushindi.

Tofauti iko kwenye askofu. Karpov alikuwa bado na askofu wake b7. Kitunda kiliposogea kutoka d5 kwenda d4, ulalo mrefu ukafunguka, na askofu aliyekuwa amekaa nyuma ya ukuta akatazama hadi kwenye hifadhi ya mfalme mweupe. Hiyo ndiyo ahadi ya mpango wa Tartakower ikitimizwa. Spassky hakuwa tena na askofu huyo. Alikuwa ameliwa kwenye e6, hatua moja tu kabla. Kwake yeye d4 haikufungua njia ya kete yake yoyote. Ilifungua njia ya kete ya Fischer: mraba wa c4, uliokuwa ukilindwa na kitunda cha d5, sasa haulindwi na kitunda chochote, na askofu mweupe anaweza kwenda kukaa hapo akiutazama udhaifu wa e6, na nyuma yake mfalme. Kusogeza kitunda cha c badala ya kile cha d kungemfungulia malkia mweusi mstari wa kukutana ana kwa ana na malkia mweupe, na mchezo ungekuwa mgumu lakini hai. Spassky, nadhani, alicheza hatua ambayo ufunguzi huu umewazoesha wachezaji wake kuiwazia, katika siku ambayo sababu yake ilikuwa imeondoka ubaoni.

Mwanafunzi anaweza kuniuliza kwa nini ahangaike na haya ilhali ana programu kwenye simu inayomwonyesha hatua bora kwa sekunde moja. Programu hizo ni zawadi kubwa kwa mchezaji wa leo, na ninazitumia. Lakini zinatoa namba. Ukiiuliza kuhusu d4 ya Spassky itakuambia Nyeupe imepanda kiasi fulani. Ukiiuliza kuhusu d4 ya Karpov itakuambia Nyeusi imepanda. Habari ya askofu wa b7 itakubidi uitafute wewe.

Kutoka hapo Fischer hakuwa na haraka. Kitunda f4, kitunda e5, askofu c4 kama tulivyotarajia, malkia h3. Hatua ya 26, f5: ukuta unavunjwa, ngome inakaa f5, na kitunda cheupe cha e hakina tena kitunda cha adui mbele yake. Nyeusi nayo ilikuwa na kitunda cha d4 kisicho na mpinzani, kinacholindwa vizuri na c5. Ukivihesabu utadhani wako sawa. Lakini cha Fischer kinatembea, na cha Spassky kimesimama, kwa sababu askofu wa c4 anaulinda mraba wa d3. Kitunda kilichopata njia na kisiweze kuipita hakina faida.

Ngome ya pili inakuja f1. Hatua ya 30 Fischer anasogeza kitunda h4, kumnyima farasi mweusi mraba wa g5. Hatua ya 31, e6. Malkia anakaa e5, katikati ya ubao, na hakuna wa kumfukuza. Sasa mtazame malkia mweusi kuanzia hatua ya 32 hadi ya 36: e8, d8, e8, d8, e8. Hatua tano za bingwa wa dunia, na zote ni kwenda na kurudi. Hana kingine. Wakati huo Fischer anasogeza a4 ili hata upande wa mbali wa ubao pasitokee fujo, anazipanga ngome vizuri, f2, kisha f3, anamrudisha askofu d3. Mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba hatua hizi za 33 hadi 36 ndizo ngumu kuliko zote katika mchezo huu. Mtu mwenye ushindi mkononi hutamani kuumaliza. Fischer, ambaye kwa kila jambo lililokuwa nje ya ubao alikosa subira, ubaoni alikuwa na subira ya kutisha.

Hatua ya 37, malkia e4. Sasa tishio ni la kummaliza mfalme: ngome inaingia f8, farasi anaila, ngome ya pili inaila kete hiyo, malkia mweusi anaila ngome, na malkia mweupe anashuka h7 akiwa na askofu nyuma yake. Spassky akamrusha farasi f6 kumfukuza malkia. Ngome ikamla farasi. Kitunda kikaila ngome, ngome ya pili ikakila kitunda, na mfalme mweusi akabaki bila hata kitunda kimoja cha kumkinga upande wa g. Hatua mbili zaidi, malkia akaja f4, na Spassky akakubali kushindwa.

Watazamaji walipiga makofi. Spassky, aliyekuwa ameshindwa ndani ya ufunguzi wa mwalimu wake, alisimama na kumpigia makofi mshindi pamoja nao. Kwa mara ya kwanza Fischer alikuwa mbele, pointi 3 na nusu kwa 2 na nusu, na hakurudi nyuma tena hadi tarehe 1 Septemba yalipokwisha, 12 na nusu kwa 8 na nusu.

Na ufunguzi wenyewe? Haukufa. Wapo waliotangaza siku zile kwamba mpango wa Tartakower umekwisha, na walikosea. Geller aliurudishia heshima mwaka 1973, Karpov mwaka 1981, na Karpov na Kasparov walipogombea taji miaka ya 1984 na 1985 waliuleta tena na tena. Unachezwa mpaka leo katika ngazi za juu kabisa, na watu wanaojua wazi kwamba siku fulani huenda wakaachiwa vitunda viwili vya kuvilinda, na ambao wameshajiuliza watavilinda kwa kete gani.

Meza pale nyuma zimeshapangwa, nyote mkaribie. Kila ubao una hali ilivyokuwa mara tu baada ya Fischer kusogeza e4 kwenye hatua ya 20. Ni zamu ya Nyeusi. Walimu wachukue Nyeupe, wanafunzi wachukue Nyeusi. Msicheze d4. Jaribuni kusogeza kitunda c4, wengine mjaribu kumpeleka farasi f6, na kabla ya kugusa kete kila mwanafunzi amwambie mwalimu wake, kwa sauti, anakubali mzigo gani. Baada ya nusu saa tutakutana tena mbele ya ubao huu mkubwa, kila meza itueleze imefika wapi.